Saratani ya tumbo: Kisu kipo wilayani, lakini nani yuko macho usiku wa tano?

Novemba 1880, katika kliniki ndogo ya binafsi kwenye mji wa Chełmno, ambao leo uko Poland, daktari kijana Ludwik Rydygier alimpasua mwanamume ambaye saratani ilikuwa imeziba mlango wa kutokea wa mfuko wake wa chakula. Alikata kipande chenye uvimbe, akaunganisha kilichobaki, akafunga. Mgonjwa alifariki baada ya saa 12. Mwaka mmoja kabla, Jules Péan alikuwa amejaribu operesheni hiyohiyo jijini Paris na mgonjwa wake hakuvuka siku ya tano. Kisha, Januari 29, 1881, katika hospitali kubwa jijini Vienna, Theodor Billroth akamfanyia upasuaji Therese Heller, mama wa miaka 43 aliyekuwa akitapika karibu kila alichokula. Kidonda kikafunga, mama akaanza kula, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Aliishi karibu miezi minne kabla ya saratani kumrudia na kumuua.

Mikono ya Billroth ilikuwa hodari, lakini siyo iliyomtofautisha na wenzake. Kwa miaka kadhaa kabla ya siku ile wasaidizi wake walikuwa wakiifanyia mazoezi operesheni hiyo kwa mbwa, na walikuwa wamepekua maelfu ya taarifa za uchunguzi wa maiti ili kujua saratani hii hukaa wapi na husambaa vipi. Alipoingia chumba cha upasuaji, timu nzima iliingia naye. Rydygier naye hakuwa mtu wa kubahatisha: Novemba 1881, mjini kwake kulekule, alimkata mgonjwa mwenye kidonda cha tumbo na mgonjwa akapona.

Septemba ya mwaka huohuo, msaidizi wa Billroth, Anton Wölfler, alifungua tumbo la mgonjwa akakuta saratani imeshika kiasi cha kutotoka. Badala ya kufunga na kumwacha afe kwa njaa, aliunganisha mfuko wa chakula na utumbo mwembamba ili chakula kipite pembeni ya kizuizi. Ndani ya mwaka mmoja, basi, njia zote kuu zilikuwa zimeshajulikana: kukata, au kutokata na kumtengenezea mgonjwa njia ya pembeni. Miaka zaidi ya 140 baadaye, daktari wa hospitali ya wilaya au ya misheni hapa kwetu anasimama mbele ya uamuzi uleule, mara nyingi akiwa peke yake.

Na uamuzi huo si wa nadra. Mwaka 2022 dunia ilikadiriwa kupata wagonjwa wapya zaidi ya 968,000 wa saratani ya tumbo na vifo karibu 660,000. Mgonjwa wa kwetu kwa kawaida hufika akiwa amechelewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wagonjwa 232 waliotibiwa Bugando, Mwanza, ulionyesha kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi walifika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Karibu wote walipasuliwa kwa namna moja au nyingine, lakini zaidi ya nusu walifanyiwa ile operesheni ya Wölfler, ya kupitisha chakula pembeni, kwa kuwa wakati wa kuing'oa saratani ulikuwa umepita. Na hiyo ni hospitali ya rufaa ya kanda, yenye mabingwa na chuo. Mgonjwa hakuanzia pale. Alianzia duka la dawa.

Kila mmoja wetu anamjua mtu wa namna hii. Tumbo linamwaka chini ya kifua, anaambiwa ni vidonda vya tumbo. Anapewa omeprazole, anapata nafuu wiki mbili, maumivu yanarudi, anarudia vidonge. Jirani anamshauri juisi ya kabichi, mwingine asali na manjano. Anaanza kushiba kwa vijiko vichache vya ugali, suruali inamlegea kiunoni, choo kinakuwa cheusi kama lami. Miezi sita inapita, au mwaka. Dawa za kupunguza asidi ni nzuri na zimeokoa wengi, lakini zina hatari moja ambayo muuzaji dukani haitaji: zinaweza kuituliza hata saratani changa, mgonjwa akaona amepona huku uvimbe ukiendelea kukua.

Vidonda vingi kweli ni vidonda tu, tena vingi husababishwa na bakteria wa helikobakta. Barry Marshall na Robin Warren waliwagundua Perth, Australia, mwaka 1982, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria haohao, tangu 1994, wamewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Wengi wetu tumeishi nao tangu utotoni, na walio wengi hawatapata saratani kamwe. Hata hivyo, mtu wa makamo ambaye maumivu yake yanarudi kila dawa inapoisha, au anayekonda bila sababu, hastahili kopo lingine la vidonge. Anastahili kipimo cha kamera, ule mpira mwembamba unaopitishwa kooni ukaangalia ndani ya mfuko wa chakula na kuchukua kinyama cha kupima.

Hapo ndipo hospitali ndogo ingeweza kuokoa maisha mengi kuliko popote pengine. Kipimo cha kamera kinafanyika bila chumba cha upasuaji na bila nusukaputi. Kinahitaji mashine, mtu aliyefundishwa, maji safi na dawa ya kusafishia mpira kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Ningepewa fedha za kununulia kitu kimoja tu kwa hospitali ya mkoa inayotaka kupambana na saratani hii, nisingenunua kifaa cha upasuaji. Ningenunua kamera hiyo, na kumlipia muuguzi na daktari mmoja mafunzo ya kuitumia kila wiki.

Kuna kipimo kingine cha bure kabisa. Mwaka 1848 Rudolf Virchow alieleza jinsi saratani ya tumboni inavyoweza kujitokeza kama tezi ngumu juu ya mfupa wa mtulinga, upande wa kushoto. Kule Rochester, Minnesota, katika hospitali ya St. Marys iliyofunguliwa mwaka 1889 ikiwa na vitanda 27 tu, mtawa na muuguzi Mary Joseph Dempsey, msaidizi wa daktari William Mayo katika upasuaji, aliona jambo wakati akiwasafisha wagonjwa tumbo kabla ya kupasuliwa: wale wenye kijiuvimbe kigumu kitovuni walikutwa na saratani iliyokwisha kusambaa. Madaktari wa dunia nzima wanakiita kijiuvimbe hicho kwa jina lake hadi leo. Muuguzi wa hospitali ndogo alikiona kwa vidole vyake na kitambaa cha kusafishia.

Vidole hivyo vipo katika kila zahanati. Kubonyeza juu ya mtulinga wa kushoto na kugusa kitovu ni kazi ya sekunde kadhaa, na jibu lake linabadilisha kila kitu. Mgonjwa mwenye dalili hizo karibu hakika hatapona kwa kisu, na kumlaza mezani ili kuukata mfuko wote wa chakula ni kumwongezea mateso.

Tuseme sasa mgonjwa amebahatika. Kinyama kimeonyesha saratani, hakuna dalili kwamba imesambaa, na hospitali ya karibu ina daktari anayeweza kupasua. Apasuliwe hapo?

Kwanza tuielewe kazi yenyewe. Kukata mfuko wa chakula ni sehemu tu ya shughuli. Saratani hii hutembea kupitia tezi za limfu zilizojipanga kuuzunguka mfuko na kufuata mishipa mikubwa ya damu inayokwenda kwenye ini, wengu na kongosho. Mpasuaji anatakiwa kuzifuata tezi hizo kati ya mishipa ambayo kosa la milimita chache huleta damu isiyozuilika. Mwongozo unaotumika sana unataka angalau tezi 16 zichunguzwe maabara ndipo hatua ya ugonjwa ijulikane kwa uhakika. Tezi nne zikitolewa na zote zikawa safi, hakuna anayeweza kumwambia mgonjwa kwa moyo mkunjufu kwamba saratani haikusambaa. Huenda iko kwenye tezi ya tano, ambayo imebaki tumboni.

Wajapani ndio walioifanya kazi ya tezi kuwa ufundi kamili, na Waholanzi walipotaka kuiga walijifunza jambo ambalo kila waziri wa afya angefaa kulijua. Kati ya 1989 na 1993 hospitali 80 za Uholanzi zilishiriki utafiti mkubwa uliolinganisha upasuaji wa kutoa tezi chache na ule wa Kijapani wa kutoa nyingi. Daktari Mitsuru Sasako alitoka Tokyo kwenda kuwafundisha. Wagonjwa 711 walipasuliwa kwa matumaini ya kupona. Waliotolewa tezi nyingi, 10 katika kila 100 walifia hospitali; kwa waliotolewa chache walikuwa wanne. Upasuaji uliotarajiwa kuokoa zaidi uliua zaidi.

Gawanya wagonjwa hao 711 kwa hospitali 80 na kwa miaka ile, utaona kila hospitali ilipata kama wawili tu kwa mwaka. Ndiyo kusema daktari alifanya leo, akakaa nusu mwaka, akafanya tena. Pia baadaye ilidhihirika kwamba madhara mengi yalitokana na kuondoa wengu na mkia wa kongosho pamoja na tezi, jambo ambalo sasa huepukwa. Ila baada ya miaka 15 picha ilibadilika: katika kundi la tezi nyingi, waliouawa na saratani yenyewe walikuwa asilimia 37, na katika kundi la tezi chache asilimia 48. Njia ya Kijapani ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mikono iliyoizoea na wodi zilizoizoea.

Waholanzi hawakulifumbia macho. Mwaka 2012 waliweka sharti kwamba hospitali isiyofanya angalau operesheni 10 za namna hii kwa mwaka iache, na mwaka 2013 wakapandisha hadi 20. Denmark ilikuwa imewatangulia: kuanzia 2003 ilizipunguza hospitali zinazopasua saratani ya tumbo kutoka 37 hadi tano, na vifo ndani ya siku 30 vikashuka kutoka asilimia 8.2 hadi 2.4. Marekani, utafiti wa John Birkmeyer na wenzake wa mwaka 2002 ulikuta kwamba hospitali zenye uzoefu mdogo kabisa ziliwapoteza wagonjwa wa kukatwa mfuko wa chakula kwa pointi mbili hadi tano zaidi katika kila 100, kuliko zenye uzoefu mkubwa.

Mtu akiishia hapo atasema jambo limekwisha: wapelekwe wote Muhimbili, wapelekwe wote Kenyatta. Mimi siamini hivyo, na sababu yangu ya kwanza inatokana na utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2009, ulioongozwa na Amir Ghaferi. Aliuliza kwa nini baadhi ya hospitali hupoteza wagonjwa wengi wa upasuaji kuliko nyingine. Ungedhani zinafanya makosa mengi zaidi. Sivyo. Matatizo baada ya upasuaji yalikaribiana: yaliwapata karibu robo ya wagonjwa katika hospitali bora na katika zile dhaifu pia. Tofauti ilitokea baada ya tatizo kuanza. Kati ya waliopata matatizo makubwa, waliokufa katika hospitali bora walikuwa asilimia 12.5, katika dhaifu, asilimia 21.4.

Ndiyo maana nauliza habari za usiku wa tano. Mshono wa kuunganisha mfuko au umio na utumbo ukivuja, kwa kawaida hauvuji siku ya kwanza, wakati kila mtu anamtazama mgonjwa. Unavuja siku ya tano, ya sita, ya saba, bingwa akiwa ameshaondoka kwenda mkoa mwingine na ndugu wameanza kufurahi. Mapigo ya moyo yanapanda kutoka 80 hadi 120. Joto linapanda kidogo. Mgonjwa anahema haraka, anasema tumbo au bega linamuuma, au hasemi kitu ila anakuwa hatulii. Ni saa tisa usiku. Wodini kuna muuguzi mmoja na vitanda 40. Akizisoma dalili hizo na akaruhusiwa kumwamsha daktari bila kukaripiwa, ikapatikana damu, ikapatikana dawa ya kuua bakteria ya kwenye mshipa na mtaalamu wa usingizi wa kumrudisha thieta, mgonjwa huyo anaweza kuishi. Akiandika tu kwenye faili kwamba homa imepanda na panadoli imetolewa, asubuhi itakuwa imechelewa.

Kambi za mabingwa zinazozunguka mikoani zimewasaidia Watanzania wengi, nami nazipenda. Lakini kwa operesheni hii naziogopa. Hernia na tezi la shingo vinaweza kumngoja bingwa wa siku tano. Mshono wa umio unataka mtu atakayekuwepo wiki ya pili.

Sababu yangu nyingine ni Tenwek. Hospitali hiyo ya misheni iko Bomet, kusini magharibi mwa Kenya, mbali na Nairobi, na ilianza kama zahanati miaka ya 1930. Ukanda huo una wagonjwa wengi wa saratani ya umio, na madaktari wake wamekuwa wakipima kwa kamera na kuweka vibomba vya waya vya kufungua umio kwa wagonjwa wengi mno hivi kwamba majarida makubwa ya dunia yamechapisha matokeo yao. Wanafundisha wapasuaji hapohapo, katika mfumo unaotambuliwa na chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999. Kuwa kijijini hakukuwazuia, kwa sababu kazi ileile hufanywa na watu walewale wiki baada ya wiki, na mgonjwa akibadilika usiku kuna daktari mwanafunzi anayelala hatua chache kutoka wodini.

Kwa hiyo napendekeza kanda, si jiji moja. Hospitali moja au mbili katika kila kanda zikusanye wagonjwa wote wa kukatwa mfuko wa chakula, ziandike kila kifo na kila mshono uliovuja, na zitangaze hesabu hizo mwaka unapoisha. Hospitali ya wilaya isiyofikia idadi isione aibu kutoa rufaa. Lakini rufaa iwe na nauli. Barua ya rufaa mkononi mwa mkulima wa Kibondo, asiye na ndugu Mwanza na aliyekwisha kuuza ng'ombe kwa ajili ya vipimo, ni karatasi tu. Atairudisha nyumbani na kuiweka chini ya godoro. Ukikusanya huduma bila kulipa usafiri na malazi ya msindikizaji, umewaokoa wenye uwezo na kuwaacha wengine wafe kimya kwao, mahali ambapo hakuna takwimu itakayowahesabu.

Nyama iliyokatwa nayo ina safari yake. Katika hospitali nyingi ndugu wa mgonjwa hukabidhiwa chombo cha plastiki chenye formalini, ndani yake kinaelea kipande cha mfuko wa chakula, akipeleke kwa basi hadi maabara ya patholojia mjini. Amekipakata kwenye mfuko, akiogopa kisimwagike. Formalini ikiwa kidogo nyama inaoza. Jina lisipoandikwa vizuri majibu yanapotea. Majibu yakirudi baada ya wiki sita, muda mzuri wa kuanza dawa umeshaanza kupita. Hospitali inayodai kupasua saratani iwe na utaratibu wake wa kusafirisha nyama, kama inavyosafirisha sampuli za kifua kikuu.

Na dawa zisisubiri kisu kila mara. Mwaka 2006 utafiti wa Uingereza kwa wagonjwa 503 ulionyesha kwamba waliopewa tibakemikali kabla na baada ya upasuaji, asilimia 36 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Waliopasuliwa tu walikuwa asilimia 23. Haraka ya kumpeleka mgonjwa thieta kwa sababu bingwa yupo Jumatano hii inaweza kumnyima nafasi hiyo. Isipokuwa anavuja damu, au chakula hakipiti kabisa, wiki chache za kumlisha, kumwongeza damu na kuzungumza kwa simu na madaktari wa saratani wa kanda hazimpotezei kitu.

Ndugu wa mgonjwa nao wana haki ya kuuliza, kwa heshima na bila woga. Daktari, operesheni hii mmefanya ngapi hapa mwaka uliopita? Usiku nani atamwangalia mzee wetu, na damu ipo? Nyama itapimwa wapi, na tezi ngapi zitahesabiwa? Je, anahitaji dawa kwanza? Daktari mwenye uhakika na kazi yake hatachukia, na akijibu kwamba ni bora mkampeleke Moshi au Mwanza, mshukuruni.

Kazi ya hospitali ndogo inabaki kubwa. Mgonjwa ambaye saratani imeziba njia ya chakula na haiwezi kutolewa, anayetapika mlo wa jana, anaweza kufanyiwa njia ya pembeni na mpasuaji wa mkoa mwenye uzoefu wa kawaida wa utumbo. Hataponea hapo, lakini atakunywa uji na kukaa mezani na wajukuu kwa miezi kadhaa. Dawa ya maumivu, morfini ya kunywa ikiwemo, inafaa imfikie hukohuko.

Na aliyeponea hospitali ya kanda atarudi kijijini bila mfuko wa chakula. Atakula mara sita kwa siku, kidogo kidogo, akiepuka chai yenye sukari nyingi ambayo itamtoa jasho na kumfanya moyo uende mbio. Mwili wake hautaweza tena kufyonza vitamini B12 ya kwenye chakula, na akiba iliyo kwenye ini itakwisha baada ya miaka michache. Asipopata sindano, kwa kawaida kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu maisha yake yote, damu itapungua na miguu itaanza kufa ganzi, na atakayemwona atadhani saratani imerudi. Sindano hiyo inachomwa zahanati. Iandikwe wazi kwenye karatasi ya kuruhusiwa, na dawa yenyewe iwepo kwenye kabati anapofika.